Barua kwa mwanangu Zuhura: ile noti ya yuan 20

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Juzi ulipokuwa unapekua pasipoti yangu ya zamani, ikadondoka noti ya yuan 20, ukaniuliza mbona sikuitumia. Nikakujibu nimeisahau. Usiku ukaniandikia kwamba mama yako mdogo kakwambia yote: mwaka 2009 nilitoka Guangzhou, kule China, nikaenda kutembea mtoni siku tano, peke yangu. Na wewe safari yako hii ya kwanza ya mzigo unataka ufanye vivyo hivyo. Unauliza kama inawezekana kwa pesa kidogo, na kama mwanamke peke yake anakwenda na kurudi salama. Hayo siyawezi kwa kidole gumba kwenye simu. Nimefunga duka, nimetoa kalamu.

Ni kweli, nilikwenda. Marehemu baba yako nilimwambia nasubiri mzigo, na haukuwa uongo. Kiwanda kilichoniahidi mikoba kwa siku nne kikabadilisha maneno, ikawa siku kumi, na chumba changu cha Xiaobei, mtaa wa hapo Guangzhou, kinakula pesa kila kukicha. Sikumwambia tu kwamba nausubiria wapi.

Aliyenitia mchecheto ni binti wa Kichina aliyekuwa akitutafsiria sokoni. Nilikuwa nahesabu chenji, akaichukua noti ya 20, akaigeuza nyuma, akaniambia milima hii ipo, ni usiku mmoja tu kwa basi. Mimi miaka yote nilidhani ni mchoraji kajifurahisha. Milima gani inasimama wima hivyo, mmoja mmoja, kama vidole vilivyotoka ardhini? Nikakata tiketi jioni ileile.

Basi lenyewe lilikuwa la vitanda. Mlangoni unavua viatu unapewa mfuko wa plastiki uvitie, halafu unapanda kwenye kitanda chembamba, safu tatu, juu na chini, miguu yako iko chini ya kichwa cha mwenzio. Kuna mtu alitafuna mbegu za alizeti kutoka Guangzhou mpaka kunakucha. Wewe hayo hayakuhusu. Tangu mwisho wa mwaka 2014 kuna treni ya mwendo kasi, unapandia kituo cha Guangzhou Kusini na kama saa mbili na nusu umefika upande wa Yangshuo, mji wa kando ya mto. Ila shika hili: kituo kinachoitwa Yangshuo hakiko Yangshuo mjini, kiko Xingping. Watu wengi wanashuka pale wanaanza kuhangaika na teksi kwenda mjini. Wewe usihangaike, kwa sababu Xingping ndiko ninakotaka ukae.

Mto unaitwa Li. Unatoka Guilin unashuka kusini mpaka Yangshuo, kama kilomita 83 kwa maji, na meli kubwa za watalii zinakwenda kwa saa nne au tano na chakula juu yake. Ni ghali, na unakaa kwenye kiti unatazama dirishani na wenzio mia. Kipande kizuri kuliko vyote ni cha kati, baina ya Yangdi na Xingping, na hicho unaweza kukiona bila kupanda meli yoyote. Mawe yale ni ya chokaa, ndugu wa mawe ya Amboni kwetu Tanga. Mvua imeyala miaka isiyohesabika, yaliyokataa kuliwa ndiyo yamesimama.

Mimi nilianzia Yangshuo kwa ujinga wa mgeni. Nyumba ya wageni ya kwanza mwenyewe aliangalia pasipoti, akaangalia uso, akatikisa mkono. Nilidhani ni rangi yangu, na siku ile nilikasirika mpaka machozi. Baadaye ndipo nikaelewa: mgeni wa nje lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo, na vijumba vidogo vingi havikujua taratibu au havikutaka usumbufu. Sasa mambo yamelegea, lakini bado andika uulize kabla hujalipa: mnapokea pasipoti ya nje? Wakijibu ndiyo, hifadhi jibu lao kwenye simu. Rangi nayo ilikuwepo, sitakudanganya. Watu watakutazama. Watakupiga picha wakidhani huoni, na bibi mmoja alizishika rasta zangu bila salamu akazivuta kidogo, kuona kama zimeshikilia. Hakukuwa na ubaya ndani yake, lakini inachosha. Siku ya tatu nilianza kuwaambia wanaotaka picha nami wasimame, kisha nami natoa simu yangu nawapiga picha wao. Hapo tukawa sawa.

Nilipata kitanda chumba cha watu sita kwa yuan 30, wakati huo yuan moja ni kama shilingi 200. Chumba cha wanawake watupu, kabati lina kufuli. Mtaa wao mkuu wa Yangshuo, Xi Jie, una muziki mpaka alfajiri na kila duka linauza kitu kilekile. Kama ungetaka kelele ungebaki Kariakoo. Usiku mmoja ulinitosha. Asubuhi nikapanda basi dogo kwenda Xingping, nikakaa siku zote zilizobaki.

Na hapa ndipo jibu la swali lako la pesa lilipo. Safari ya kule inakuwa ghali unapokimbia. Kila mji mpya ni nauli, tiketi ya kuingilia, dereva wa kukuzungusha, na chakula cha pale kituoni. Ukikaa mahali pamoja siku nne, mwenye nyumba anakupunguzia, muuza tambi anakujua, na starehe yenyewe, yaani kutembea kando ya maji, haina tiketi. Baiskeli nilikodi kwa yuan 10 kutwa. Wenzangu wa hosteli walikuwa wameandika miji tisa kwa siku kumi na mbili na macho yamewatumbukia.

Alfajiri moja nilishuka kwenye ngazi za mawe mtoni, khanga juu ya sweta maana Novemba kule kuna baridi. Mwanamke wa rika langu alikuwa anafua, anazipiga nguo kwa ubao. Akaniona, akaacha kufua, akafuta mikono, akaja moja kwa moja kuishika khanga. Hakuangalia ua. Aliipindua upande wa pili kuona kama rangi imepenya, akausugua ukingo kwa vidole viwili, akanitazama akitikisa kichwa cha kukubali. Nikacheka peke yangu. Tulikaa pale kama dakika kumi, hajui lugha yangu sijui yake, anaonyesha nguo zake nami naangalia nyuzi. Kutoka ngazini pale ukitembea kidogo kufuata mto unafika mahali penyewe. Nikatoa noti, nikainyoosha mbele ya macho, nikasogea kushoto, nikarudi nyuma, mpaka milima ya karatasi ikakaa juu ya milima ya kweli. Utakuta watu kumi wanafanya hivyohivyo. Wewe fanya tu.

Pia nilitapeliwa. Mwenye chelezo aliniambia ananipeleka mpaka Yangdi, tukapatana, nikalipa yote mkononi. Kufika nusu akazima mashine, akaonyesha ukingo, basi. Kila nikisema Yangdi yeye anaonyesha saa. Nilirudi kwa miguu kwa zaidi ya saa moja, nikiongea mwenyewe. Tiketi za vyelezo sasa zinauzwa dirishani na kwenye simu. Nunua huko, usipatane na mtu njiani. Na ujue vyelezo vya Mto Li wanaviita vya mianzi lakini ni mabomba ya plastiki yenye injini. Ukitaka mianzi ya kweli nenda mto mdogo wa Yulong, upande wa pili wa Yangshuo. Huko hakuna injini, mtu anasimama nyuma anasukuma kwa upondo kama wetu wa ngalawa. Ni bei. Mimi niliendesha baiskeli kando yake bure, nikawatazama wao wakipita.

Wale wazee wenye mnandi na taa, usidhani wanavua. Zamani waliwafunga ndege kamba shingoni wasimeze samaki mkubwa, na kazi ilikuwa kazi. Siku hizi wengi wanakaa kwa ajili ya picha na wanadai chao. Si vibaya, mzee naye anakula, ila patana kwanza.

Usikose gulio. Wana gulio linalozunguka kila siku ya tatu: leo Fuli, kesho Xingping, keshokutwa Baisha, kisha linarudi Fuli. Mwenye nyumba atakwambia leo ni zamu ya nani. Nilikwenda la Fuli, mji wa mafundi wa feni za karatasi za kuchora kwa mkono. Novemba ni msimu wa mabalungi, wameyapanga chini marundo, na muuzaji hakuruhusu uondoke hujaonja. Bukini wamefungwa miguu, daktari wa meno yuko barazani na koleo, wazee wananyolewa. Nilinunua feni sita nikaziuza huku nikarudisha nauli ya basi. Feni ya saba ndiyo ile iliyoko ukutani sebuleni, ambayo siku zote nimesema nilipewa na wakala.

Chakula kisikutishe. Tambi za mchele za Guilin ndizo ugali wao, asubuhi mpaka usiku, na ni chakula cha bei ya chini kuliko vyote. Lakini bakuli la kawaida lina nguruwe, na maharage ya kukaanga wanayotia juu yaweza kuwa yamepita mafuta yake. Tafuta kibao chenye maneno 清真, yaani halali. Yachore kwenye karatasi uyabebe. Guilin mjini wapo Waislamu Wahui wa tangu zamani, na wana tambi za ng'ombe. Huko mashambani nilikula mayai, mboga za majani, wali na mabalungi. Samaki wao maarufu wa Yangshuo anapikwa na bia, kwa hiyo mwache alipo.

Umesema utangulie tarehe 1 Oktoba, kabla ya maonyesho ya biashara ya Guangzhou. Hapana. Wiki ile ni sikukuu yao ya taifa, China nzima iko barabarani, kitanda cha shilingi elfu kumi kinakuwa cha elfu arobaini. Awamu ya nguo ya maonyesho hayo inaisha tarehe 4 Novemba. Weka oda zako, lipa malipo ya kwanza, kisha nenda wakati viwanda vinashona. Mvua zimekwisha, watu wamepungua. Mashamba ya mpunga ya ngazi ya Longji utakuta wameshavuna, kwa hiyo usiyafuate safari hii.

WeChat na Alipay, programu wanazolipia kule kwa simu, zipakue ukiwa Dar, uunganishe na kadi kabla hujapanda ndege. WhatsApp kwa mtandao wa kule haifunguki, labda uwe na laini ya nje. Beba noti ndogo za yuan hata hivyo. Na pesa ya kutembea isitoke kwenye akaunti ya mzigo hata senti. Itenge sasa, tuione wote wawili.

Kuna jambo binti wa hosteli alinisimulia ambalo nimekaa nalo miaka yote. Zamani walikuwa na msafiri aitwaye Xu Xiake. Baba yake alipokufa akaona aibu kumwacha mama peke yake, kwa kuwa kwao mtoto mwenye wazazi hai haendi mbali. Mama yake ndiye aliyemshonea kofia ya safari akamwambia atoke. Alipopita Guilin na Yangshuo, mwaka 1637, mama alikuwa keshafariki miaka kumi na miwili. Yule binti alinisimulia kwa sababu nilimwambia nimemficha mume wangu niko wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Mimi kofia siwezi kushona, unanijua. Noti iko ndani ya bahasha hii. Usiitumie, hata wakikosa chenji. Kila jioni niandikie jina la mji ulipolala. Niletee maua makavu ya gui, yale yanayonukia kama asumini iliyotiwa asali, robo kilo tu, wanauza ya chai. Duka wiki hiyo nitafungua mimi.

Mama yako