Unayeanza kusimulia historia ya nchi, angalia unaanzia wapi

Ukianza kazi hii, tarehe ndizo zitakazokushughulisha mwanzoni. Usizihangaikie sana, zimejaa vitabuni. Kazi yenyewe ni kuamua tukio lianzie wapi na liishie wapi, maana hapo ndipo unapoamua nani abebe lawama.

Chukua Vita vya Maji Maji, watu wa kusini mwa Tanganyika walipopigana na utawala wa Kijerumani. Wengi huanzia Julai 1905, Wamatumbi walipong'oa mipamba kule Nandete. Ukianzia hapo, habari yote inakuwa ya dawa ya mganga Kinjikitile na watu walioamini risasi zitageuka maji. Rudi hadi 1902, serikali ya Kijerumani ilipoanzisha mashamba ya pamba ya kulazimishwa chini ya maakida, wasimamizi wake wa vijijini, na dawa ile inaonekana vingine kabisa: watu walishachoka kabla mganga hajafungua mdomo. Tena Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita bado vibichi, na bado vikaenea hadi Ungoni, nchi ya Wangoni huko Songea. Anayemfanya yeye kuwa kila kitu atueleze hilo.

Mwisho nao una mtego wake. Wengi hufungia Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni waliponyongwa. Ni siku moja, mahali pamoja, na makumbusho yapo, inasimulika. Lakini Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000. Njaa haina siku ya kuadhimishwa, ndiyo maana waandishi huipa sentensi mbili wakapita. Mimi ningeipa nusu ya simulizi.

Ukienda kwa wazee, usitangulize jina la vita. Ukilitaja tu, utarudishiwa yale yale ya darasani. Muulize bibi ukoo wao ulihamia pale ukitokea wapi, nani alizikwa njiani, walikula nini mashamba yalipoungua. Mwaka utautafuta mwenyewe baadaye. Na usimkatize akirukaruka. Akitoka kwenye njaa akaingia kwenye mahari ya shangazi yake, huenda binti yule aliozwa kwa sababu ya njaa hiyo hiyo.

Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliokusanya masimulizi haya mwaka 1968 waliwakuta wazee walioviona vita kwa macho. Wewe unapokea ya kurithiwa. Basi kando ya kila simulizi andika msimulizi aliipata kwa nani, na alikuwa na umri gani alipoisikia.