Influenza na korona kwa pamoja
Huko mitaani wanasema mtu anaweza kuugua influenza, yaani homa kali ya mafua, na korona kwa mpigo, na hawakubahatisha. Kijiti kimoja cha pamba kilichopitishwa puani kinatosha kuligundua hilo, maabara inakipima kwa PCR, yaani kipimo cha vinasaba vya virusi, kutafuta virusi vya aina nyingi, si korona peke yake. Watafiti wa Seattle Flu Study kule Marekani walianza hivyo 2018, na baadaye washiriki wengine wakijichukulia sampuli nyumbani na kuituma kwa posta. Ndio walioinasa korona Februari 2020 kwa kijana ambaye hakuwa ametoka safari yoyote, na kijiti chenyewe kilikuwa cha kupima influenza!

Tena virusi havifanani: 2020-21, wakati wa janga la korona, influenza karibu ipotee duniani, lakini rinovirusi, vile vya mafua ya kawaida, viliendelea kudunda tu. Havina utando wa mafuta, kwa hiyo spiriti haiviwezi sana.

Ila PCR huweza kuokota hata mabaki ya virusi vya wiki kadhaa nyuma. Ukiambiwa una vyote viwili, huenda kinachokulaza leo ni kimoja tu.