Maswali Yenu: Nimchague Supavaiza kwa Namba za Google Scholar?

SWALI: Mhariri shikamoo. Nasoma masta hapa Makerere, nataka kuandika tasnifu juu ya kansa ya watoto na sasa natafuta supavaiza. Wenzangu wananiambia nifungue Google Scholar, ule mtandao wa kutafuta makala za kitaalamu, niangalie indeksi ya h ya kila daktari, mwenye namba kubwa ndio nimfuate. Kuna mmoja yuko wodini na watoto kila siku lakini namba yake ni ndogo sana. Niende na namba?
Msomaji, Wandegeya

JIBU: Marahaba ndugu msomaji. Namba iangalie, lakini kwanza ujue inahesabu nini. Indeksi ya h aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na maana yake ni hivi, ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10 basi h yako ni 10. Sasa mtu aliyeandika makala moja tu ikanukuliwa mara elfu tano, h yake ni 1! Tena haishuki hata mtu akiacha kazi, kwa hiyo mzee mara nyingi anamzidi kijana, na anayejinukuu mwenyewe kila mara naye inampandisha.

Na wewe uko Kampala, mfano unao hapo hapo hospitali ya Mulago. Denis Burkitt alikua daktari wa upasuaji pale, mwaka 1957 akaonyeshwa mtoto amevimba taya pande zote mbili, haikua kawaida, akaanza kuwatafuta wengine kama huyo. Mwaka 1958 akatoa makala kwenye jarida la British Journal of Surgery juu ya uvimbe huo wa taya kwa watoto wa Afrika na watu karibu hawakushtuka. Ungempima kwa namba mwaka ule ungempita. Yeye akaendelea, akatuma vikaratasi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama wameuona ugonjwa huu, majibu akayaweka kwenye ramani, halafu mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka kama maili 10,000 mpaka kusini mwa Afrika. Wakaona ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua, kule kwenye malaria, na milimani haupo.

Mwaka huohuo alitoa mhadhara London, mtafiti wa virusi Anthony Epstein akiwa anasikiliza, na baadae vipande vya uvimbe vikawa vinapandishwa ndege Entebbe kwenda maabara yake. Mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kwenye jarida la Lancet kirusi walichokiona ndani ya seli hizo, ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kwamba kinahusika na kansa ya binadamu. Angalia vizuri makala hiyo, jina la Burkitt liko kwenye kichwa cha habari kama jina la ugonjwa, kwenye waandishi halipo. Mpaka leo watu wanaandika limfoma ya Burkitt, yaani kansa hiyo hiyo, bila kuinukuu makala ya 1958, na kila wakifanya hivyo kwenye hesabu yake haiingii kitu. Hata wale watoto waliopona kwa dawa pale Mulago, na Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyofunguliwa 1967, hakuna profaili inayowahesabu. Hili linaniuma kwa kweli, maana madaktari wetu wengi wanaokusanya sampuli na kufuatilia wagonjwa ndio wanaishia katikati ya orodha ya majina ishirini.

Kwa hiyo fanya hivi, chukua makala mbili tatu za kila mmoja uzisome mwenyewe uangalie jina lake limekaa wapi, kwa utafiti wa tiba mwandishi wa kwanza mara nyingi ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho ndiye aliyeisimamia. Usishangae pia kuona Google Scholar inatoa namba kubwa kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, maana Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu na ripoti, na wakati mwingine inachanganya watu wa jina moja. Halafu watafute wanafunzi wake wa zamani uwaulize walimaliza kwa muda gani na kama walichapisha wakiwa waandishi wa kwanza.

Huyo wa wodini nenda ukamuone wiki hii, muulize kama ana rekodi nzuri za watoto aliowatibu na kama unaweza kuzitumia. Akikubali, ombi la kamati ya maadili lianze mapema maana linakula miezi.