Mtoto hakulia nilipotoka: je, hanipendi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu ana miezi 13. Nafanya kazi hotelini Nungwi siku sita kwa wiki, naye hubaki Mkwajuni kwa mama yangu. Asubuhi nikiondoka halii. Jioni nikirudi, mara nyengine hubaki mgongoni kwa bibi yake akinitazama tu. Jirani kanitumia video ya kumpima mtoto: umuache chumbani na mtu asiyemjua, uhesabu atalia muda gani. Nimejaribu, hakulia. Je, hanipendi?

JIBU: Wa alaykum salaam. Video hiyo imenichosha. Haupiti mwezi bila mama kuniletea kwenye simu, macho mekundu.

Aliyeitengeneza kachukua nusu ya kipimo, nusu kaitupa. Chenyewe kilibuniwa na mwanasaikolojia Mary Ainsworth huko Baltimore, Marekani, miaka ya 1960. Mama na mtoto huingizwa chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia, mama hutoka, hurudi, kisha hutoka tena. Ni vipande 8, vingi vya dakika 3 tu, na kilio kikizidi hukatizwa papo hapo. Watazamaji waliosomea kazi hiyo hukaa nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja, na hawahesabu kilio! Wanalolikodolea macho zaidi ni mama anaporudi. Mtoto anamwendea? Akibebwa anatulia, akarudia mchezo wake? Au anageuza uso, au anang'ang'ania huku akirusha mateke? Mtoto huweza asilie hata kidogo na akawa kashikamana na mama yake vizuri kabisa. Mwengine akalia mpaka sauti ikamkauka, na akibebwa asitulie.

Wala hakipimi mapenzi. Mapenzi hayapimwi kwa ratili. Kinatazama kama mtoto anamfanya mlezi huyu kuwa bandari yake, pa kutokea kwenda kucheza na pa kukimbilia akiogopa. Bandari zaweza kuwa mbili. Kwa Wagusii wa Kenya watafiti walikuta mtoto ameshikamana na mama na pia na mlezi mwengine, kila mmoja kwa namna yake. Na kwa kuwa kule watoto wamezoea kuamkiwa kwa mkono, mama alipoingia mtoto alimnyooshea mkono. Mtu wa video angesema huyo hamtaki mama yake.

Mwanao anakuona unaondoka kila asubuhi na kila jioni unarudi. Alie ya nini? Ukifika, kaa mkekani karibu yao, usimnyakue. Atashuka mwenyewe.

Wanaonikera zaidi ni wanaouza kwa simu "dawa ya kumrudisha mtoto kwa mama", na wanaoshauri mtoto aondolewe kwa bibi ghafla ili "amjue" mama yake. Huko ni kumkata mtoto na mtu anayemtegemea, halafu akianza kulia usiku mnasema kaingiliwa na shetani. Mimi hunishughulisha mtoto asiyemkimbilia mtu yeyote akiumia, si mama si bibi, au anayeganda mlezi wake akimkaribia. Huyo mpelekeni hospitali, na hata huko hataamuliwa kwa kutazamwa mara moja. Hata Ainsworth hakutosheka na mara moja: kabla ya Baltimore alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizirudia nyumba za kina mama 26 kwa miezi.

Na hilo la kumuacha chumbani na mtu asiyemjua, usilirudie. Kule Baltimore mama aliyetoka alikuwa nyuma ya kioo, hatua chache, akimuona mwanawe.