Mpigie simu, lakini usimwulize kilomita

Mwaka 2021 Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilikwisha, korona ikawa bado ipo, na barua za wanamichezo ziliendelea kuingia. Kabla ya kuwa mnasihi nilikuwa kocha wa riadha, kwa hiyo barua za makocha huwa nazifungua kwanza. Wao ndio wanaowaona vijana hawa kabla ya daktari yeyote.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha klabu ndogo ya riadha. Nina binti mmoja wa mita 800, ana miaka 21, na nimekuwa naye tangu akiwa na 14. Mashindano yake ya kufuzu yaliahirishwa mara mbili, mwishowe yakafutwa kabisa. Uwanja ulipofungwa nikawa namtumia programu ya mazoezi kwa simu. Zamani akikueleza mazoezi yake mpaka umkatize. Siku hizi ni "sawa kocha", basi. Nimemwongezea kazi ili asipate nafasi ya kuwaza, naona ndiyo kwanza anazidi kunyamaza. Kwao wanasema ni uvivu. Nimkazie au nimwache apumzike?

JIBU: Marahaba, kocha. Usimkazie, na kumwacha pia usimwache. Hiyo kazi uliyomwongezea iondoe leo hii. Haimwondolei mawazo, inampa kitu kingine cha kushindwa kila jioni.

Tuanze na kilichompata. Watu wa nje wanaona shindano limefutwa, litakuja jingine. Wewe na mimi tunajua mwanariadha hupanga mwaka wake kwa kuhesabu kurudi nyuma. Siku ya mashindano iko pale. Wiki moja au mbili kabla yake anapunguza mazoezi, miezi kadhaa kabla anatafuta kasi, na kabla ya hapo anajenga pumzi. Tarehe ile ndiyo inayomwamsha alfajiri. Michezo ya Olimpiki ilipoahirishwa tarehe 24 Machi 2020, maelfu ya wanamichezo walijikuta na programu zisizoelekea popote. Wao walau walitangaziwa tarehe mpya baada ya siku chache. Binti yako hana tarehe. Tena pamoja na tarehe amekosa wenzake wa kupasha nao misuli, amekukosa wewe uliyekuwa ukisimama pembeni na saa mkononi, na limeyumba lile jina la "mkimbiaji" ambalo ndilo watu wanalomjua nalo tangu utoto. Huo ni msiba, na mfiwa hafokewi. Kwa hiyo usimwambie "kila jambo lina sababu yake", wala "wenzako wana hali mbaya zaidi". Mwambie: "Najua ulivyoisubiri siku ile. Inauma." Kisha nyamaza.

Sasa la kufanya. Mpigie mara mbili kwa wiki, na simu hizo mbili zisichanganyike. Ya kwanza ni ya mazoezi, iwe fupi. Ya pili iwe na mwiko mmoja: muda, kilomita na uzito havitajwi, hata yeye akivianzisha. Katika simu hiyo uliza mambo madogo yenye majibu. Jana ulilala saa ngapi? Ukaamka usiku? Leo umeongea na nani? Kuna chochote wiki hii kilichokufurahisha? Ukimwuliza "hali yako?" utaletewa "sawa kocha" ileile, kwa sababu hilo ndilo jibu tunalowafundisha wanariadha tangu wadogo. Akikaa kimya, usiharakishe kuujaza ukimya. Makocha wengi wanakosea hapo: kijana anatafuta neno la kwanza, kocha ameshaanza kueleza programu ya kesho.

Jambo la pili, mwombe akutumie picha za kurasa za daftari lake la mazoezi, za tangu kabla uwanja haujafungwa. Muda wake usiutazame, soma maneno. Niliwahi kuletewa daftari la kijana wa mita 5000. Kurasa za mwanzo zilijaa mpaka pembeni: upepo ulitoka upande gani, bega la kushoto limekaza, nani alimchekesha kwenye mzunguko wa mwisho. Baada ya muda ikawa "nimemaliza". Kisha yakabaki mapigo ya moyo na muda tu, bila neno lolote. Ukiitazama ile saa yake ya kukimbilia, unakuta kilomita zimeongezeka, na kocha wake alikuwa akimpongeza kwa bidii. Hakuna aliyeangalia alikuwa akikimbia saa ngapi. Alikuwa anatoka saa nane usiku, anakimbia kwa sababu usingizi haumjii. Kwa hiyo, kocha, kupungua kwa mazoezi si dalili peke yake. Kuongezeka kusiko na mpango ni dalili pia, nayo hupita kirahisi kwa sababu tunaisifu.

Kwao waambie hivi. Mvivu anafurahia mapumziko yake. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni au hafurahii tena vitu alivyovipenda, na usingizi wake au hamu ya kula vimebadilika, hajiwezi kwa uchovu au anajiona hana thamani, huyo anahitaji kuonwa na daktari. Inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Akitamka kwamba hana faida ya kuishi, au ukahofia hilo bila yeye kulitamka, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na akianza kupata nafuu, mrudishie wenzake kabla ya kumrudishia kasi. Tarehe 3 Mei 2020 warukaji watatu wa upondo (kuruka juu kwa fito ndefu), Armand Duplantis, Renaud Lavillenie na Sam Kendricks, walishindana kila mmoja akiwa kwenye uwanja wa nyumbani kwake, wakionana kwa video. Mti uliwekwa mita 5, urefu ambao kwao ni mdogo, na hesabu ilikuwa ni mara ngapi unauvuka ndani ya dakika 30. Duplantis na Lavillenie waliuvuka mara 36 kila mmoja, Kendricks 26. Hapakuwa na rekodi ya kuvunja wala nafasi ya kufuzu; walipata watu wa kushindana nao tena. Klabu yako haihitaji kamera nyingi kwa hilo. Simu mbili na zoezi rahisi ambalo kila mtu analiweza zinatosha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Niliugua korona, nikapona. Daktari alinipima moyo, akasema uko salama, nirudi taratibu. Lakini nikipanda ngazi tu na moyo ukaenda mbio, natafuta pa kukaa. Nalala na saa ya kupimia mapigo, na kila nikiamka usiku naiangalia. Wenzangu wananicheka. Nimekuwa mwoga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Hofu yako ina msingi: virusi hivi vinaweza kusababisha uvimbe kwenye misuli ya moyo, ingawa hutokea kwa wachache, na ndiyo maana madaktari waliwazuia wanamichezo kurudi kwa pupa. Wewe umepimwa. Kinachokusumbua sasa ni mambo mawili yaliyoungana. Ukilala kitandani muda mrefu pumzi hushuka, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile ya ngazi. Kisha unaogopa, na hofu yenyewe inapandisha mapigo. Unaangalia saa, yamepanda kweli, unaogopa zaidi.

Usiku saa ivue, iache chumba kingine. Mchana ivae wakati wa mazoezi tu, ukifuata kiwango alichokuwekea daktari. Siku za mwanzo tembea haraka na mtu mmoja unayemwamini, tena mkiwa mnaongea. Ukiweza kumaliza sentensi bila kukatika pumzi, kasi hiyo inakufaa. Panda ngazi zilezile kila siku, na moyo ukienda mbio usikimbilie kukaa. Simama wima, pumua taratibu, usubiri ushuke wenyewe. Ukishauona unashuka mara kadhaa, mwili utaanza kuamini.

Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, kukosa pumzi kusikolingana na kazi uliyofanya, au mapigo yanayorukaruka ukiwa umetulia, hayo si ya kuniandikia mimi. Simamisha mazoezi, urudi kwa daktari siku hiyohiyo. Wenzako wanaokucheka mweleze nahodha; kazi hiyo ni yake.

SWALI: Mwalimu, klabu imetuletea mtaalamu wa saikolojia wa kuongea naye kwa video. Mimi silali vizuri, lakini naogopa nikisema nitaachwa kwenye kikosi. Ungekuwa mimi ungesema?

JIBU: Ningesema, ila baada ya kumwuliza maswali yangu kwanza. Unamripoti nani? Unaandika nini, na nani anasoma? Ni wakati gani utalazimika kumwambia mtu mwingine? Mtaalamu wa kweli anajibu haya bila kukasirika, na jibu la kawaida ni kwamba siri inabaki siri isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Majibu yakizungukazunguka, tafuta msaada nje ya klabu. Kukosa usingizi hata daktari wa kawaida anaweza kuanza nako.

Ni kweli hofu yako si ya bure. Lakini tazama kilichotokea Tokyo. Tarehe 27 Julai 2021 Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa kwenye fainali ya timu baada ya mruko mmoja tu, kwa sababu hewani alikuwa hajui tena mwili wake uko wapi. Angeendelea angeweza kuvunjika shingo. Wiki moja baadaye alirudi kwenye boriti akachukua shaba. Na tangu 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina tamko la wataalamu linalosema afya ya akili ya mwanamichezo haitenganishwi na ya mwili. Misuli ikichanika hufichi. Usingizi nao usiufiche.

Siku ya mazungumzo tafuta mahali ambapo watu wa nyumbani hawatakusikia. Kama nyumba imejaa, mwombe mtumie simu ya kawaida, uongee ukiwa unatembea nje.

Na viongozi wa klabu wanaosoma hapa: anayechagua kikosi asiwe kwenye mazungumzo hayo, wala asipewe taarifa zake. Liandikeni hilo kwenye karatasi, mweke sahihi, kila mchezaji apewe nakala yake kabla ya kikao cha kwanza.