Mwanangu, ngoja kwanza usilipige rangi hilo gauni

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza, huku Ujiji wote wazima. Unasema gauni lako jeupe limemwagikiwa mawese kifuani na sasa unataka ulitumbukize kwenye rangi ya bluu yaishe, au ulichemshe na maganda ya vitunguu maana umeona watu wanafanya. Ngoja kwanza.

Rangi haifuniki doa. Hiyo ya pakti inaingia ndani ya uzi, haikai juu, na penye mafuta haiingii vizuri, kwaiyo utatoa gauni la bluu na doa liko palepale linakuangalia. Paka sabuni ya mche hapo kwenye doa, iache ikae, fikicha na maji ya moto, suuza, alafu anika juani likiwa bichi, maana ule wekundu wa mawese jua linaula, na kama haujaisha wote rudia tena kesho yake. Mara nyingi shida inaishia hapo na hela ya rangi unanunulia dagaa.

Kama bado unaitaka bluu yako, chomoa uzi kwenye pindo kwa ndani uuchome na kiberiti. Ukiwaka kama karatasi ukaacha majivu laini hiyo ni pamba, ukiyeyuka ukajikunja kidonge kigumu hiyo ni polista, na polista hizi rangi za kawaida haizishiki hata uchemshe mpaka jioni, watu wanamlaumu muuza duka bure. Ikiwa pamba sawa, lilowanishe gauni kwanza, rangi uiyeyushe pembeni uichuje, tia chumvi, maji yawe ya moto na mengi nguo iogelee, na ugeuze bila kuchoka, ukienda kuchati tu inatoka mabakamabaka. Sufuria hiyo usiipikie tena. Ila ujue nyuzi za kushonea nyingi ni polista kwaiyo mishono itabaki myeupe, mimi naona inapendeza, nyie vijana sijui.

Vitunguu navyo ni kweli vinatoa rangi, njano ya kwenda kwenye kahawia, nzuri tu. Ila maganda makavu yanatakiwa mengi, uzito kama wa gauni lenyewe, utayatoa wapi wewe unayenunua vitunguu viwili viwili? Ukiyapata, gauni lianze kulowekwa kwenye maji ya moto yenye shabu, ile kama jiwe jeupe ya kusafishia maji, ndo rangi ishike, maganda chemsha kama saa moja, chuja, ndo uingize nguo. Manjano ya kupikia achana nayo, siku ya kwanza inang'aa kweli, ukiigusa na sabuni inageuka wekunduwekundu na juani inapauka.

Zile rangi za batiki za kuchanganya na kostiki soda, ile inayounguza ngozi, sitaki kabisa uzishike humo chumbani, dirisha lenyewe moja, mpelekee fundi. Na ukishapiga rangi, mara za kwanza lifue peke yake, mashuka ya mwenzio yasije yakawa ya bluu tukaanza kesi nyingine.