Skani inawezaje kujua kuwa mtoto wa tumboni amepungukiwa damu?

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mkunga na mpiga skani anayefanya kazi Mbale, mashariki mwa Uganda.

SWALI: Dada mkunga, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Busia na sasa nina mimba ya wiki 26. Damu yangu ni O hasi, ya mume wangu ni O chanya. Mtoto wa kwanza alizaliwa mzima kabisa. Wa pili alizaliwa amepauka, na kabla ya jua kuzama macho yakawa manjano. Walimwekea taa, wakambadilishia damu, Mungu akajalia akapona. Nilipojifungua yule wa kwanza hakuna aliyenidunga sindano wala kuniambia kwamba ipo. Sasa daktari ameniandikia skani ya kichwa cha mtoto, eti kuona kama damu yake imepungua. Shemeji yangu ni nesi, anasema damu hupimwa kwa sindano, skani haiwezi kuiona, na kwamba kliniki inatafuta hela tu. Mama mkwe naye ananipikia mboga ya dodo kila siku na kuninywesha juisi ya bitiruti. Nimsikilize nani?
Mama wa wawili, Busia

JIBU: Dada yangu, msikilize daktari, na skani hiyo ukaipige wiki hii hii. Kati ya barua zote nilizoletewa mwezi huu, yako ndiyo iliyonifanya niandike jibu kabla sijavua koti la kazi.

Shemeji yako hakukosea kila kitu. Kiwango kamili cha damu ya mtoto, ile namba tunayoiita HB, hakijulikani bila kuchukua tone la damu yake, na akiwa bado tumboni maana yake ni kupitisha sindano ndefu hadi kwenye mshipa wa kitovu. Kazi hiyo ina hatari zake, na haifanywi kwa kubahatisha. Skani haihesabu chembe nyekundu wala haioni rangi ya damu. Inapima mwendo wake.

Mtoto aliyepungukiwa damu ana damu nyepesi, kwa sababu chembe nyekundu ndizo zinazoipa uzito. Uji mwepesi hutiririka upesi kuliko uji mzito, na damu ni hivyo hivyo. Juu ya hapo, moyo wake unasukuma kwa nguvu zaidi ili hewa kidogo iliyobebwa na chembe chache ifike kila mahali, hasa kwenye ubongo. Kwa hiyo tukiupata mshipa mmoja mzuri wa ubongo na kupima kasi ya damu pale moyo unaposukuma, tunapata habari za damu yenyewe bila kumgusa mtoto.

Mshipa huo ni ateri ya kati ya ubongo. Nikueleze kinachofanyika chumbani ili ujue unalipia nini. Utalala ukiwa umeinama kidogo ubavuni, utapakwa jeli, nami nitatafuta kichwa cha mtoto. Nikishapata usawa wa chini ya ubongo nawasha rangi za Dopla, zinazoonyesha damu inavyotembea, na pale panatokea duara la mishipa, kutoka hapo ateri mbili zinakwenda moja kushoto na moja kulia, zinapigapiga nyekundu na buluu. Nachagua ile iliyo karibu nami, naikuza mpaka ijaze kioo, kisha naweka alama ya kupimia karibu kabisa na pale ateri inapoanzia. Hapa ndipo penye ufundi. Mstari wa kupimia lazima ulale sambamba na mshipa. Ukikaa mshazari, mashine itasoma kasi ndogo kuliko ilivyo, na mtoto mgonjwa ataandikiwa kuwa mzima. Tena mtoto awe ametulia. Akiwa anarusha miguu, ana kwikwi au anafanya mazoezi ya kupumua, nangoja, hata kama foleni ya nje inanung'unika. Napima mara tatu au zaidi. Mpigaji akimaliza kila kitu kabla hujatulia kitandani, muulize kwa upole: umepima mara ngapi, na mtoto alikuwa ametulia?

Sasa namba. Kasi ya kawaida huongezeka kadiri mimba inavyokua. Kwa wiki zako 26, ya katikati ni kama sentimita 34 kwa sekunde. Ikifika mara moja na nusu ya hiyo, yaani kama 50, tunahofia upungufu wa damu wa kati au mkali. Wiki ya 30 ya katikati ni kama 40 na ya kuhofia ni kama 61. Unaona kwamba 52 leo ni habari nzito, lakini 52 hiyo hiyo baada ya mwezi mmoja haijafika kiwango cha kuhofia. Ndiyo maana umri wa mimba ukikosewa, kipimo chote kinapotea. Kama ulipiga skani ya miezi ya mwanzo, nenda na karatasi yake. Ni bora kuliko tarehe ya kukumbuka.

Kipimo hiki si cha kubuni juzi. Mwaka 2000 Dkt. Giancarlo Mari na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 111 waliokuwa hatarini. Kipimo hicho cha mara moja na nusu kiliwanasa wote waliokuwa na upungufu wa kati au mkali, ila pia kiliwatia hofuni asilimia 12 ya wale ambao hawakuwa nao. Mwaka 2006 utafiti mwingine ulikilinganisha na njia ya zamani ya kuchoma sindano ili kupima maji ya uzazi, na skani ikaishinda sindano. Kwa hiyo kasi ikiwa juu, haimaanishi mtoto wako amekufa au anakufa. Inamaanisha ufike mbele ya bingwa haraka. Baada ya wiki ya 35 kipimo huanza kutoa hofu zisizo za kweli mara nyingi zaidi, na wakati huo mara nyingi swali linakuwa la kuzalisha, si la kupima.

Kwa nini wewe? Kwa sababu ya kundi lako. Mtoto wako wa kwanza huenda alirithi damu chanya ya baba. Wakati wa kujifungua, damu yake kidogo iliingia kwako, mwili wako ukaiona ngeni na kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Yeye alikuwa ameshatoka, hazikumdhuru. Kingamwili hizo hazisahau. Mimba ya pili zikavuka kondo la nyuma na kuvunja chembe za damu za mtoto: ndiyo weupe ule, ndiyo umanjano ule. Mimba ya tatu mara nyingi shambulio huja mapema na kwa ukali zaidi. Mama mwingine mwenye kundi hasi tungempima kwanza wingi wa kingamwili, na nyingi zikifika kiwango cha 1 kwa 16 au 1 kwa 32 ndipo tuanze skani hizi. Wewe umeshazaa mtoto aliyebadilishiwa damu. Kwako skani ilistahili kuanza tangu wiki ya 18 hivi, na sasa irudiwe kila wiki moja au mbili kama daktari atakavyopanga.

Kuhusu ile sindano ambayo hukuambiwa: inaitwa anti-D. Hupewa mama mwenye resusi hasi, yaani kundi lenye alama ya hasi kama lako, ambaye bado hana kingamwili, kwenye wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Hupewa pia mimba ikiharibika, akitokwa damu, au akigongwa tumboni. Bei yake inauma, na dukani si kila siku ipo, ndiyo sababu wenye kundi hasi waanze kuitafuta mapema. Inanikera sana kuona mama ametoka wodini na karatasi ya kundi la damu imebandikwa kwenye kitabu chake, na hakuna aliyemsomea. Ila nakusihi usiinunue sasa kabla ya kupimwa kingamwili. Zikishakuwepo, sindano haiziondoi. Hela hizo ni za safari na skani.

Mambo ya kufanya sasa. Mume wako apimwe upya mwenyewe, kundi lisitoke kwenye kumbukumbu ya shuleni, kwa sababu kama kweli angekuwa hasi mambo yote haya yangekuwa tofauti. Hata akiwa chanya, inawezekana mtoto huyu amerithi hasi na hana shida yoyote. Omba rufaa iliyoandikwa, yenye historia ya mtoto wa pili, uende hospitali ya rufaa ya mkoa, na huko uliza moja kwa moja kama watakupeleka Mulago, Kampala, kwenye hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga iliyofunguliwa mwaka 2018. Kuna tiba ya kumwongezea mtoto damu akiwa bado tumboni. Ilianza New Zealand mwaka 1963 kwa Dkt. Liley, na siku hizi bingwa huipitisha kwenye mshipa wa kitovu akiongozwa na skani. Si kila hospitali inaiweza, ndiyo maana swali liulizwe leo, usingoje wiki ya 32. Pengine hata mtoto ambaye vipimo vyake vitaendelea kuwa salama atazalishwa mapema kidogo, penye taa za umanjano na damu ya O hasi iliyokwisha kutayarishwa. Damu ya O hasi ni adimu kwetu. Ndugu zako wa tumbo moja wapimwe, wenye kundi lako wakachangie benki ya damu. Mbale ipo, Nakasero ipo.

Mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya skani. Njoo siku hiyo hiyo, hata usiku.

Na mama mkwe? Mshukuru, ule dodo. Inakujengea damu yako wewe. Kwa mtoto ambaye chembe zake zinavunjwa na kingamwili, hakuna mboga wala juisi inayozuia, na yeye aambiwe hivyo kwa heshima ili asije akakuzuia kusafiri.

SWALI: Mkunga, mke wangu ana miezi mitano, alipatwa na malaria, wakampima HB ikawa 8. Je, mtoto naye ana 8? Tupige hiyo skani ya kichwa?
Mume mwenye wasiwasi, Arua

JIBU: Hapana, kaka. Kwa kawaida damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki wakati wa mimba, kila mmoja ana yake, na mtoto hujichotea madini ya chuma kwa mama hata mama akiwa na kidogo. Kwa HB ya 8 anayehitaji kushughulikiwa ni mke wako. Hatari ni mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, na mama kuishiwa nguvu akitokwa damu wakati wa kujifungua. Malaria itibiwe mpaka iishe, ameze vidonge vya chuma na foliki kila siku, alale ndani ya neti, na kliniki wampe dozi zake za fansida, za kuzuia malaria, akiwa amepona. Usimnunulie chai ya kunywea vidonge, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Mpe maji, au maji ya machungwa. HB ipimwe tena baada ya wiki nne. Ikishuka chini ya 7, au akianza kuhema akiwa ameketi, mpeleke hospitali bila kungoja.

Skani ya kawaida kabla ya wiki ya 24 apige kama hajapiga. Hiyo ni ya kila mama. Ya mwendo wa damu kichwani aachiwe mwenye sababu.

SWALI: Mimi na mume wangu wote ni AS, yaani tunabeba siko seli bila kuugua. Nina mimba ya miezi saba. Skani inaweza kuniambia kama mtoto ana siko seli?
Mke wa askari, Gulu

JIBU: Haiwezi, dada. Mtoto wa tumboni anatumia hemoglobini (kibeba hewa cha chembe nyekundu) ya utotoni ambayo siko seli haiidhuru, hivyo hata mwenye SS, yaani mgonjwa wa siko seli, anakuwa na damu ya kutosha na mwendo wa kawaida kwenye skani. Dalili huja miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, hemoglobini hiyo inapopungua. Kwa ninyi wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS. Akizaliwa, omba achomwe kisigino, matone yawekwe kwenye karatasi na kupelekwa maabara ya taifa Kampala. Mwambie mkunga wa zamu kabla uchungu haujakolea kwamba wote ni AS, na uandike kwa wino kwenye jalada la kitabu chako cha kliniki. Majibu yakitoka SS, dawa ya kila siku ya kuzuia maambukizi ianze mapema, mtoto akiwa bado mdogo na hajaugua.